Nyumba Namba 266

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Jumamosi nilifika Dyess, jimbo la Arkansas, Marekani, kule ulikoniapiza nisirudi bila kupaona. Kutoka Memphis unavuka mto Mississippi, halafu ni kama saa moja tu ya tambarare. Nilitegemea mji. Nikakuta mzunguko mdogo wa barabara, jengo jeupe la ofisi lenye nguzo mbele, na mashamba mpaka macho yachoke. Sensa ya 2010 ilihesabu watu 410.

Najua wewe unamtaka Johnny Cash, yule mwimbaji wa country aliyekulia hapa, basi tummalize kwanza. Nyumba yao ni namba 266, vyumba vitano, imekarabatiwa vizuri. Walihamia 1935, yeye akiwa na miaka mitatu. Haya.

Mimi nilinaswa na habari ya deni. Serikali ilianzisha makazi haya 1934, enzi za mdororo mkuu wa uchumi, kwa wakulima waliofilisika. Waliyaita koloni, jina ambalo sisi tusingelithubutu. Familia kama 500 zilipewa nyumba mpya, banda, nyumbu, ng'ombe wa maziwa na shamba la ekari 20 hadi 40. Ukisikia hivyo unadhani sadaka. Thubutu! Yote ni mkopo, ulipwe kwa pamba. Hata unga na sukari vya mwaka wa kwanza walikopeshwa, wakanunulia duka la ushirika kwa pesa za hapohapo tu zilizoitwa doodlum. Na hilo shamba lilikuwa msitu wa kinamasi. Bila kung'oa visiki, wewe na nyumbu wako, hulimi kitu. Januari 1937 mto ukafurika, watu wakahamishwa, visiki vingine vikiwa bado ardhini.

Jingine limenikaa rohoni. Waliochukuliwa ni wazungu watupu. Mweusi aliyelima pamba ya tajiri katika Arkansas ileile, kwa njaa ileile, hakuwamo. Nilisoma hilo nikarudi nyuma kulisoma tena.

Nilisimama barazani pa 266 nikitafuta majirani. Zamani barabara hiyo ilikuwa na nyumba moja baada ya nyingine. Sasa ni mifereji na mashamba makubwa, maana wengi walishindwa wakaondoka, ardhi ikaunganishwa.

Picha zako ninazo. Udongo wa huko ni mweusi, unanata kama gundi. Viatu nimevisugua mara mbili, bado.

Wako,
Msafiri wako