Dawa za chooni zisizo na lebo zinaumiza mapafu

Ndugu Mhariri,

Huku mitaani, Mbagala hadi Manzese, dawa ya chooni inauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, bila lebo. Dada wa kazi anaimimina, anaongeza jiki ili choo kitakate, na mlango kaufunga. Dawa nyingi za aina hiyo zina asidi. Ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, inayochoma njia ya hewa na kuvimbisha mapafu. Mtu anaweza kukohoa kidogo, akajiona mzima, kisha saa kadhaa baadaye akashindwa kupumua. Maziwa hayasaidii! Atolewe nje upesi, apelekwe hospitali. Serikali za mitaa ziwabane wauzaji waweke onyo kwenye chupa, hata la kuandika kwa mkono.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam