Wanawake wanaoacha unga wapewe pahali pa kufuma

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie wanawake wa Malindi wanaojitahidi kuacha heroini. Tangu mwaka 2015 methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, imekuwa ikitolewa katika hospitali ya serikali hapa mjini, nayo imeokoa wengi, kwa kuwa huondoa arosto, yaani mateso ya mwili anayoyapata mtu akikosa unga, na kumwezesha mtu kula na kulala. Hata hivyo, kuinywa mbele ya mhudumu ni kazi ya dakika chache, na baada ya hapo siku nzima inamsubiri mwanamke huyo. Mwanamume ataenda barazani, au pwani kwa wavuvi. Mwanamke aliyewahi kuitwa teja hana baraza; majirani huficha simu apitapo, watoto huenda wako kwa bibi yao, na wanaomwita kwa jina lake ni wale wale aliokuwa akivuta nao.

Ndiyo sababu napendekeza kufuma. Nimekaa mkekani na kina dada hawa wakifuma vitambaa vya makochi, nikamwona mmoja, mgeni, ambaye mikono ilimtetemeka hata vitanzi vikakaza mno, sindano isipite. Mama aliyekuwa ubavuni mwake aliichukua kazi ile, akaifumua safu mbili, akamrudishia bila kumlaumu. Baadaye kidogo binti yule akaanza kutusimulia habari za bibi yake aliyekuwa akishona kofia za vito, zile zinazodariziwa kwa mkono, na kutoka hapo akafikia mambo ambayo, kwa maneno yake, hajawahi kumwambia hata mshauri nasaha. Naamini ni kwa sababu macho ya kila mtu yalikuwa kwenye uzi, hakuna aliyemkodolea. Tena asipokuja, kitambaa chake kinabaki kapuni, na wenzake wanajua ni nani wa kwenda kumwulizia nyumbani.

Wafadhili na maofisa, kwa nia njema, huuliza kwanza vimeuzwa vingapi. Sipingi kuuza, lakini mauzo yakiwa ndiyo kipimo, aliye mzito wa mkono huona haya akaacha kuja, na huyo mara nyingi ndiye mwenye haja zaidi ya kuwa na wenzake. Isitoshe, pesa taslimu mkononi mwa mtu aliyeacha unga juzijuzi ni mtihani mkubwa, kwa hiyo mapato yasubiri hadi wenyewe waseme wako tayari.

Naiomba serikali ya Kaunti ya Kilifi itenge chumba karibu na kliniki, kiwe cha wanawake pekee kila asubuhi, watoto wakiruhusiwa, kuwe na nyuzi na sindano za kutosha, na kina mama wazee wanaojua kushona kofia na kufuma walipwe ili wafundishe. Gharama yake ni ndogo, na wanawake wenyewe waulizwe kabla ya kuchagua saa na mahali.

Mkazi wa Shella,
Malindi