Vifaa saidizi vya watoto vipimwe upya kadiri wanavyokua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ugawaji wa vifaa saidizi kwa watoto wenye ulemavu, jambo ambalo huandikwa zaidi siku ya makabidhiano, kisha likasahaulika.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akivalishwa kifaa cha plastiki kilichotengenezwa kwa kipimo cha mguu wake, kisigino hukanyaga chini, kifundo hutulia, naye akishika fremu ya kutembelea huweza kupiga hatua ambazo awali zilimshinda. Lakini mtoto hukua. Baada ya miezi kadhaa kifaa kilekile huanza kumbana, mkanda humchubua juu ya kisigino, mama huweka kitambaa akidhani kitasaidia, na mwishowe kifaa hutupwa uvunguni huku misuli ya mguu ikizidi kukaza. Inauma kumwona mtoto aliyekwisha kuonja kutembea akirudi kubebwa mgongoni.

Wataalamu wa kupima na kutengeneza vifaa hivi hufundishwa hapahapa nchini, katika chuo cha TATCOT kilichopo katika hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi. Naishauri Wizara ya Afya iwaajiri hadi hospitali za wilaya, na upimaji pamoja na ubadilishaji wa vifaa hivi ugharimiwe kikamilifu na kitita cha msingi cha bima ya afya kwa wote, ili mzazi wa Iramba au Manyoni asilazimike kusafiri hadi Moshi au Dar es Salaam kwa sababu ya mkanda uliokatika.

Msomaji wako,
Singida