Kidude cha waifai usikitupe

Leeds, Jumapili usiku

Kwako mdogo wangu,

Salaam aleikum. Mimi mzima, wasiwasi ni juu yenu hapo Chikongola, hasa mama na miguu yake. Nimeona niandike, maana jana kwenye simu tuliishia kupigiana kelele. Wewe "hakikamati, hakikamati", mimi "nini hakikamati?", mara bando likakata.

Picha ya kioo cha kompyuta uliyonitumia nimeikuza mpaka nikaisoma. Hicho kidude cha kukamatia waifai ulichochomeka kwenye kompyuta ni kizima. Huyo fundi aliyekula elfu ishirini yako na kukwambia kimeungua, angekuwa anasema kweli kompyuta isingekitaja kabisa. Chako imekiona, ila imekiwekea alama ya njano: haina draiva yake, yaani programu ya kukiendesha, haijui iseme nacho lugha gani. Na zile herufi, VID_0BDA na PID_8179, ndizo jina lake la ukweli. Ni chipu ya Realtek, RTL8188EUS. Tafuta draiva kwa jina hilo. La kwenye boksi achana nalo, wanabadilisha chipu ndani na boksi linabaki lile lile.

Najua utauliza utaipakuaje wakati intaneti ndiyo hiyo hamna. Chomeka simu kwa waya wa kuchajia, ingia mipangilio, ruhusu simu igawe intaneti kwa USB. Lakini kwanza angalia saa pale chini pembeni. Kwenye picha inasema 2012! Irekebishe, la sivyo kurasa nyingi zitagoma, zitaona vyeti vyake vya usalama bado havijaanza kutumika. Inarudi nyuma kila umeme ukikatika kwa sababu betri ya ndani imekufa, CR2032, bapa kama sarafu. Mafundi saa wanazo.

Draiva ikikaa, majina ya waifai yatatokea. Lile lenye mkia wa 5G hutaliona, usihangaike, kidude hiki kinasikia masafa ya GHz 2.4 tu. Weka neno la siri, basi. Mambo ya anwani ya mtandao iachie ruta, kile kifaa kinachogawa waifai.

Kinachonisumbua mimi ni pale ulipokichomeka. CPU, lile boksi la kompyuta, iko chini ya meza, mgongo umeegemea ukuta, na kidude kiko huko huko mgongoni. Ruta iko barazani, dukani kwa mama. Kwa hiyo mbele yake kuna boksi la bati, halafu ukuta wa bloku, halafu friji la soda. Sawa na kumwita mvuvi aliye majini huku umejifunika pipa! Nunua waya wa kurefushia USB, mita moja na nusu inatosha, ukitoe kikae juu ya meza, upande wa mlango. Na unapohamisha picha kwenye flashi kupitia lile tundu la bluu, la USB 3.0, usishangae waifai ikilegea. Linavuruga masafa hayo hayo.

Fanya kabla ya Ijumaa. Mjukuu wa mama ameshajua kusema "shikamoo bibi", anaitamka "chikamo", na tukipiga simu ya video mama kwenye kile kisimu chake anaona pua tu.

Korosho zilifika. Nusu kazimaliza mwenye nyumba wangu, sasa ananiuliza mzigo mwingine unakuja lini.

Ni mimi kaka yako