Barua kwa Bahati, kuhusu kile kipande cha nyuma ya shule

Matamba,
Mwezi wa nane

Bahati mwenzangu,

Za huko Mwanjelwa? Za biashara, za Baba Kelvin, za wanangu? Sisi huku tupo, baridi ndiyo hiyo unayoijua, asubuhi nyasi zote nyeupe kwa sakitu na watoto wanaingia darasani mikono kwapani. Mama nimemwona Jumapili kanisani. Anatembea vizuri, ila ile fimbo uliyomtumia amempa Mama Upendo akaswagie mbuzi. Usimpigie kumgombeza, atajua ni mimi.

Haya, salamu zimetosha. Nimejaribu kukueleza haya kwenye simu ikashindikana: kila nikifika pazuri unaniambia "subiri kuna mteja", na ukirudi umeshasahau tulipoishia. Ndiyo maana nimemkabidhi kondakta barua, kama tulivyofanya zamani. Uisome jioni ukishafunga duka, tena uisome yote.

Ni kaka yako Erasto. Usishtuke, ni mzima kabisa, tena kanenepa. Amenunua kile kipande cha nyuma ya shule kwa watoto wa Mzee Daimon, kuanzia kwenye uzio wetu hadi kule kwenye mwamba bapa tulikokuwa tukianika sare. Juzi kapita hapa anacheka peke yake, ananiambia mwezi wa tisa anapandisha trekta la kukodi kutoka Chimala, analifungua shamba lote aweke viazi. Nikamwambia hongera. Halafu nikamwomba ile kona ya chini, kwenye udongo mwembamba unaozunguka mwamba, aiache. Akaiangalia. Akaona majivu ya nyasi zilizoungua na mavi makavu ya ng'ombe. "Mwalimu, niache nini? Hapa hamna kitu."

Bahati, hapo ndipo penye kazi. Kwa mwezi huu ana haki ya kusema hamna kitu. Ukienda leo hata mimi nitashindwa kukuonyesha. Lakini mwezi wa pili, mvua ikiwa imekolea, pale panatoka kijani (kijijani, si rangi) kimoja kimoja, kifupi kuliko kidole chako cha kati, laini, kizima bila mkato wowote. Kwenye kikonyo cha kila kijani kinachomoza kijiti kilichosimama wima, na ncha ya kijiti ina safu mbili za vifuko vidogo vilivyobanana. Ni hicho tu: jani moja na kijiti kimoja. Aliyekiona kwanza ni yule kitinda mimba wa Mama Upendo, nilipowatoa Kidato cha Tatu nje kutafuta makangaga, ile mimea isiyotoa maua. Wenzake wanakimbilia yale makubwa ya mferejini, yeye amepiga magoti ananiuliza, "Madamu, hili jani mbona lina antena?" Mzee Daimon alipokuja na lenzi yake (unajua alivyobeba mizigo ya wale watafiti wa maua wa Kitulo, hakuna jani asilolitazama mara mbili) akasema palepale kwamba ni ulimi wa nyoka, Ophioglossum. Ni kangaga halisi, ingawa halifanani na kangaga lolote unalolijua. Jani lake changa halijikunji mkia kama yale mengine, na chini ya jani hakuna vile vidoa vya kahawia. Mbegu zake za vumbi, zile spora, zote ziko kwenye kijiti.

Tafadhali, ukizungumza na Erasto usimtajie neno nyoka. Unamjua. Atamwaga dizeli kona nzima awashe kiberiti.

Sasa nikueleze kwa nini nimeking'ang'ania kijani ambacho hata mbuzi hakimshibishi. Tangu nimeanza kusoma habari za ukoo huu nimekuwa mtu wa kuchosha, mwalimu Zawadi ameshahama meza yangu ofisini. Wanaojulikana zaidi ni wa mbali. Ni makangaga ya zabibu ya Marekani, Ulaya na Asia, ambayo kijiti chake hugawanyika na kubeba vifuko vya mviringo vilivyosongamana, ukikitazama utasema ni kichala cha Dodoma kilichokataa kukua. Baadhi ya yale ya Amerika Kaskazini huchipua jani wakati wa kiangazi chao, na jani hilo linakaa hadi majira ya baridi, linageuka rangi ya shaba na kulala chini ya theluji likiwa hai. Na yapo ya mwezi, yaliyo madogo zaidi, vijani vyake ni nusu duara zilizopangwa pande mbili. Huko Michigan alikuwepo profesa mmoja, Warren Wagner, yeye na mkewe Florence walitumia miaka na miaka wakitambaa kwenye majani wakiyatafuta hayo ya mwezi. Walichokionyesha ndicho kinachonikosesha usingizi: mara nyingi aina kadhaa huota pamoja kwenye eneo dogo hilohilo. Ukiona moja, usiondoke, piga magoti utafute jamaa zake. Ulimi wa nyoka si yale ya mwezi, najua, lakini mimi nimetazama upande mmoja tu wa ule mwamba, mvua ikanifukuza, na nyasi zikapanda. Nani anajua upande wa pili kuna nini? Erasto anataka kupalima kabla sijapiga hayo magoti.

Halafu jani lenyewe si kitu, Bahati. Hili ndilo nataka ulishike kuliko yote. Mmea wenyewe upo chini. Spora ikianguka haioti juani, inatakiwa iingie udongoni gizani. Huko inakuwa kidude kisicho na rangi ya kijani, hakijitengenezei chakula, kinalishwa na kuvu walioingia ndani yake. Kinaweza kukaa hivyo miaka kabla jani la kwanza halijatokea juu. Hata mmea ukishakomaa, mizizi yake ni minene na haina vile vinywele vya kunyonyea maji. Bado inawategemea kuvu walewale. Mwaka mwingine mmea hautoi jani kabisa. Unakwenda msimu wa mvua hukuti kitu, unasema limekufa, kumbe limejinyamazia tu chini. Wale wa Marekani wakipasua chipukizi la kangaga la zabibu wanakuta humo jani la mwakani na la mwaka unaofuata yameshaanza kuumbika, mojamoja, yanasubiri zamu. Na ulimi wa nyoka unazaana kwa mizizi pia: mzizi unatambaa pembeni, unatoa chipukizi, linapanda jani jingine. Kwa hiyo vile vijani vyote nilivyoviona kwenye kona inawezekana ni mmea mmoja ulioshikana huko chini. Trekta likipita mara moja, kwisha habari.

Erasto si mtu mbaya, alinipa ushauri. "Chimba uweke kwenye kopo la rangi, upeleke mbele ya ofisi, watoto wamwagilie." Ningefanya hivyo tangu siku ile. Shida ni kwamba mmea huu hauhamishiki. Ukichimba unakata ile mizizi na unawaacha nyuma wale kuvu wanaoulisha, mmea unaonekana mzima msimu mmoja halafu unapotea. Wenye bustani za mimea wenyewe, na mitambo yao, makangaga haya huwashinda. Kopo la rangi la Erasto litaweza?

Wewe hili ungelielewa kuliko yeye, maana umekulia kwenye kinaka, vile viazi vya maua ya okidi vinavyoliwa. Unakumbuka wale vijana waliokuwa wakichimba viazi vya maua porini na kujaza magunia ya kupeleka Zambia wakatengenezee chikanda, kile chakula chao? Tulikuwa tukiambiwa yataota tena. Hayakuota. Na yale maua nayo mbegu yake ni vumbi, haioti bila kuvu. Hifadhi ya Kitulo ilipotangazwa mwaka 2005 angalau Bustani ya Mungu ikapata mlinzi, lakini huku nje ya mpaka kila mtu na jembe lake. Mwaka jana mchimbaji mmoja alifika hadi pale kwenye mwamba wetu, akaibua vijitunguu vya ulimi wa nyoka, akavionja, akavitupa. Nilivikuta vimekauka juu ya jiwe. Nilikasirika nikakosa wa kumkasirikia, kijana mwenyewe alikuwa na viatu visivyolingana.

Kuna jambo jingine nililisoma likanichekesha. Zamani Ulaya waliamini kangaga la mwezi linafungua kufuli, na farasi akilikanyaga viatu vyake vya chuma vinang'oka. Kuna mganga wa mitishamba wa Uingereza, Culpeper, aliliandika hilo kwenye miaka ya 1600, akitaja farasi walioachwa peku kwenye kilima kimoja. Nikafikiria, laiti la kwetu lingekuwa na nguvu hizo. Trekta linafika kwenye mwamba, majembe yanadondoka yote kwa mpigo, Erasto anabaki ameshika kofia. Lakini halina. Lilicho nacho ni kromosomu, vile vinyuzi vya urithi ndani ya seli. Wewe na mimi tuna 46 kila seli, sivyo? Kuna ulimi wa nyoka wa nchi za joto, Ophioglossum reticulatum, ambao umehesabiwa ukakutwa na 1260. Hakuna mmea unaojulikana kuuzidi ukoo huu kwa wingi wa kromosomu. Nilipowaambia wanafunzi wakaanza kubisha, mmoja akasema basi lingekuwa na akili kuliko mwalimu mkuu. Nikajifanya sijasikia.

Nilitaka pia kukueleza kuhusu ndugu zao, vile vijiti vya kijani visivyo na mizizi wala majani ya maana, ambavyo navyo utoto wao ni wa chini ya ardhi kwa kulishwa na kuvu, na kuhusu jamaa yao mmoja wa kisiwa cha Jeju huko Korea Kusini ambaye wanasayansi hawakumjua hadi miaka ya 2000 ilipoanza. Fikiria, nchi yenye wataalamu na barabara zote zile, na mmea ulikuwa umekaa tu ukiwatazama. Sisi huku... lakini naona nakupoteza, turudi kwa kaka yako.

Siombi shamba. Naomba ile kona tu, na kipande chembamba cha kuzunguka mwamba. Kwa hesabu ya viazi pia hapotezi kitu, na hili ndilo umwambie kwanza, kabla ya kuvu na kromosomu, maana ndilo litakaloingia. Pale udongo hauna kina, chini ni jiwe. Mvua zikianza maji yanatuama wiki nzima, tulikuwa tukichota ya kufagilia bweni, umesahau? Viazi gani vitakaa humo bila kuoza? Atapoteza mbegu, mbolea na dawa ya ukungu, na trekta la watu litagonga mwamba livunje kisu halafu alipe. Mwambie aweke vigingi viwili vitatu vya mpaka pale, mimi nitawapeleka watoto wakavichimbie. Na ng'ombe waendelee kupita kama kawaida, hao hawana neno, hata ule moto wa kiangazi umepita juu kwa juu. Ni jembe tu.

Kwangu hasikii, mimi ni mwalimu, nalipwa kusema. Baba yenu mdogo nimemwendea, akanisikiliza vizuri sana, akamwaga ulanzi kwenye kikombe changu, akaniuliza kama hicho kijani kinatibu kisukari. Nikasema hapana. Hamu yote ikamwisha. Wewe ndiye Erasto anakuogopa, na sote tunajua hela ya mbegu ya msimu uliopita ilitoka mfuko wa nani.

Kwa hiyo niambie: utampigia lini? Au unakuja mwenyewe kabla ya trekta, ukamwone na mama? Ukija utalala kwangu au utajifanya mgeni wa mjini ukalale gesti? Baba Kelvin hana rafiki pale Uyole anayejua sheria za mpaka wa shule, tukajua kama kona ile yote ni ya Erasto kweli au sehemu iko ndani ya eneo letu? Maana lile jiwe la mpaka la zamani sijaliona tangu walipochimba choo kipya. Wewe unakumbuka lilikuwa upande gani wa mwamba, juu au chini? Na kile kitabu changu cha mimea chenye jalada la bluu, si ulikichukua wewe? Na Kelvin amechaguliwa shule gani, mbona hilo umelinyamazia?

Nijibu kwa mkono wa huyuhuyu kondakta, anapanda Jumatano. Usimpe nauli, nimeshampa.

Mwenzako,
Tumpe

N.B. Debe la viazi lililo mguuni mwa kondakta ni lako. La Erasto huyohuyo, kaninyamazishia.