Spika zisikae karibu na dira

Mhariri,

Nina miaka 31 kwenye usukani na sikuwahi kudanganywa na dira hadi Aprili mwaka jana. Tulikuwa watu wanne, tumetoka kuvua nje ya Kiwayu, tunarudi Lamu. Kusi ilikuwa haijakaza, lakini mvua ya masika ilitufunika hata pua ya mashua nikawa siioni. Nikashika kusini-magharibi kwa dira, mwamba nikiuhesabu uko mbali mkono wa kulia. Nusu saa haijatimia nikasikia ngurumo isiyokuwa ya radi. Nikazima mashine. Ni mawimbi yakivunjika mwambani, mbele yetu hasa.

Tukageuza, tukakimbilia maji makuu. Mvua ilipopungua, kijana wangu akatoa spika aliyokuwa ameisukuma chini ya benchi langu isilowe, kama shubiri mbili kutoka kwenye dira. Dira ikazunguka yenyewe. Nikamwambia airudishe, dira nayo ikarudi ilikokuwa. Tulifanya hivyo mara tatu na hakuna aliyesema neno. Nilikuwa nikielekeza chombo karibu magharibi kabisa huku nikijiona nimeshika njia ya nyumbani.

Kesho yake nilikwenda Langoni kwa fundi wa redio, akanifungulia spika iliyoungua. Nyuma ya ile karatasi kuna pete ya sumaku, nyeusi, nzito, mithili ya kigae. Na kweli ni jamaa ya chungu: ni unga wa oksidi ya chuma, yaani kutu, uliochanganywa na madini ya strontiamu au bariamu, ukashindiliwa kisha ukachomwa tanuruni. Wanaiita feraiti. Bei yake ni ndogo na chumvi haiiwezi, kwa hiyo imejaa kila pahali. Hata ule mpira unaoubana mlango wa friji umechanganywa na unga huo huo.

Ndugu yake ni mdogo na mbaya zaidi. Fundi alibandua kwenye spika ya sikioni kidude kinachong'aa, hakifiki ukubwa wa punje ya mtama, kikaruka kikashika bisibisi. Hicho nacho ni sumaku, ya madini ya neodimiamu, chuma na boroni. Wajapani na Wamarekani waliigundua mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila upande kivyake, na hakuna sumaku ya kudumu inayouzwa yenye nguvu kuishinda. Hupakwa nikeli kwa sababu ikiachwa wazi huliwa na kutu upesi. Imo ndani ya simu, imo kwenye vifuniko vya simu vinavyojifunga vyenyewe. (Wenye watoto wadogo waangalie: mtoto akimeza mbili, hunasana ndani ya tumbo na kutoboa utumbo.)

Vijana huniambia, mzee, dira ya nini wakati simu ipo? Simu itakuonyesha pahali ulipo kwa setilaiti, hilo sibishi. Lakini ule mshale wake wa kaskazini nao unategemea kifaa kinachopima sumaku ya dunia. Isogeze karibu na spika uone.

Wenzangu, dawa yake haina gharama. Chombo kikiwa kimetulia gatini, tazama dira inasoma nini, kisha sogeza spika, betri, simu, hata kisu cha kuparia samaki, kimoja kimoja. Dira ikicheza, kitu hicho kiondoke. Kukiweka mbali kunasaidia kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya sumaku hupungua kama mara nane. Mbao, shaba na alumini havina neno.

Wanaokagua vyombo hutuhesabia maboya ya kujiokolea, na wanafanya vyema. Lakini tangu boti za watalii zianze kufungwa spika kubwa kubwa, sijaona mkaguzi aliyeinama kutazama kilichomo chini ya benchi la nahodha. Naomba wainame. Ni kazi ya dakika moja.

Spika yetu sasa imefungwa omoni, kule mbele puani. Kijana analalamika kwamba mashine inaumeza muziki wote na yeye hasikii kitu huku nyuma. Nimemwambia aende akakae omo.

Nahodha wa mashua,
Shela, Lamu