Mahindi yangu yalilala Namanga: ombi kwa Dodoma na Nairobi

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, hili jambo la mahindi yetu kuzuiwa mpakani limenikaa moyoni muda mrefu na kila nikiona viongozi wetu wanazindua reli au barabara linanirudia upya.

Mimi nanunua mahindi Kibaigwa na Kiteto, napeleka Nairobi, kazi nimeifanya miaka kumi na kitu na ndo imesomesha wanangu. Machi 2021 nilikuwa na semi moja njiani, gunia 300, pesa karibu yote ya mkopo. Ijumaa ya tarehe 5 Kenya ikapiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda, sababu ni sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka, na katazo linaanza hapo hapo, halisemi aliyeshapakia afanyeje. Dereva wangu alikuwa ameshapita Longido kuelekea mpaka wa Namanga, akanipigia, "Mama, huku hakuna anayevuka, wanasema kuna barua imetoka Nairobi." Nikapanda gari kesho yake nikaenda. Foleni ya malori, madereva na mautingo wanapika chini ya trela, usiku mvua ikapiga na turubai letu lilikuwa limechanika upande mmoja. Asubuhi nikaingiza mkono kwenye gunia la juu, mahindi yana joto kama uji uliofunikwa. Mtu yeyote wa nafaka anajua maana ya lile joto, yaani mzigo uliozuiwa kwa sababu ya sumukuvu ndo unaanza kuota ukungu pale pale kwenye foleni. Siku chache baadaye katazo likalegezwa kwa masharti, muagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha sumu haijazidi kiwango, lakini mimi nilishamuuzia dalali kwa bei ya kutupa, mkopo nimekuja kuumaliza baada ya mwaka na nusu.

Sisemi sumukuvu ni uongo. Mwaka 2016 watu walikufa kwa hiyo sumu Dodoma na Manyara, kule kule ninakonunua, na mimi mwenyewe siwezi kumlisha mtoto wa mtu wa Nairobi kitu ambacho wangu hali. Ninachouliza ni kwa nini ipimwe mpakani wakati gari limeshatembea kilomita mia tano, isipimwe sokoni kabla sijapakia? Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina kiwango kimoja cha mahindi, sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni, sasa kama kiwango ni kimoja cheti nacho si kiwe kimoja, kikitoka maabara ya huku kule kipokelewe bila kupimwa upya!

Na tusiwaonee Wakenya peke yao. Mwaka 2017 sisi tulichoma moto vifaranga 6,400 vya Kenya pale pale Namanga, vifaranga hai, na 2025 tukatoa orodha ya biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya hapa kwetu. Kila upande unalipiza na anayeumia ni mtu wa gunia na tenga.

Tatizo naloliona mimi ni kwamba tukisema ushoroba, yaani njia kuu ya kusafirisha mizigo, tunawaza mzigo wa watu wengine. Mombasa na Dar zinagombania kontena za Uganda, Rwanda na Kongo, Kenya ikazindua reli yake ya kisasa, SGR, 2017, sisi treni yetu ikaanza 2024, bomba la mafuta la Uganda kila mmoja alilitaka mpaka likaja Tanga. Sawa, ushindani huo sina ugomvi nao, unashusha gharama. Lakini angalia ramani, njia zote mbili zinatoka baharini kwenda bara, sambamba, hakuna inayomwendea jirani! Zamani ilikuwepo, reli ya Voi hadi Taveta iliyojengwa wakati wa vita ya kwanza ya dunia, ikaungana na ya Tanga pale Kahe. Jumuiya ikavunjika 1977, mpaka ukafungwa hadi 1983, na siku hizi ukitaka kwenda Nairobi na mzigo unapita barabarani tu, kwa hiyo Namanga ikifungwa umekwisha, au upite njia za panya ambako hakuna anayepima sumukuvu wala kitu chochote. Kituo cha pamoja cha forodha cha nchi mbili pale Namanga kilizinduliwa Desemba 2018 na marais wawili, jengo zuri, mara nyingi linafanya kazi vizuri kabisa na maofisa wengi wanajitahidi. Barua moja ya usiku inatosha kulifanya godauni.

Mama Samia alienda Nairobi Mei 2021 na vikwazo vingi vikaondolewa baada ya hapo, sisi wa mpakani tulishukuru kutoka moyoni. Sasa naomba hatua moja zaidi, mawaziri wa biashara wa pande zote wakae waandikishane kwamba katazo lolote litangazwe siku 30 kabla, na kama ni dharura ya kweli ya afya basi mzigo ulioshapakiwa upimwe haraka, ukiwa salama uvuke.

Kiteto mahindi yanakauka shambani, wiki mbili tatu tunaanza kupakia, na dereva wangu, ni yule yule wa 2021, jana kanipigia anauliza, mama, Namanga kuko salama? Nimemwambia nitamjibu.

Mama wa Mahindi,
Arusha